Unga wa lishe wenye karanga, korosho na viungo: mtoto wa miezi sita aanzishwe vipi?

MamaNjiro (Arusha)

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa wanaojua lishe ya watoto.

Mtoto ana miezi sita na wiki mbili. Amenyonya maziwa ya mama peke yake mpaka alipotimiza miezi sita. Sasa anakula uji wa ulezi, ndizi ya kuponda na parachichi, na vyote vinamkaa vizuri. Ana pumu ya ngozi kidogo kwenye mashavu na mikunjo ya viwiko, tunampaka vaseline tu, hajawahi kuandikiwa dawa. Yai, maziwa ya ng'ombe na karanga bado hajaonja.

Nina kilo mbili za unga wa lishe kutoka soko la Kilombero. Muuzaji amenitajia vilivyomo: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, mdalasini, iliki na tangawizi. Mama mkwe anasema nipike tu, unga wa hivyo ndio unaompandisha mtoto kwenye mizani. Wengine wananiambia karanga ni marufuku mpaka atimize miaka mitatu.

Nimsikilize nani? Na kama karanga zinaruhusiwa, zianze kwa kiasi gani na kwa namna gani? Viungo je?

Mlishi_Moshi

Dada, hongera kwa miezi sita kamili ya kunyonyesha. Unga huo usimpe kwa sasa. Vilivyomo vingi ni vyakula vizuri, lakini viko kumi na tatu ndani ya kijiko kimoja, na vitano kati yake (ngano, soya, karanga, korosho na ufuta) ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio. Mtoto akivimba midomo robo saa baada ya uji, hutajua ni kipi kimemdhuru. Utaishia kumnyima vyote, na atakosa karanga na soya zinazomfaa kwa sababu ya ufuta tu. Kwa hiyo vunja mchanganyiko. Kila kimoja kiingie peke yake, kikizoeleka ndipo ukiunganishe na vingine wewe mwenyewe jikoni.

Habari ya miaka mitatu ni ushauri wa zamani. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri hivyo mwaka 2000, kikauacha mwaka 2008 kwa kuwa kuchelewesha hakukuonekana kuzuia mzio. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa London uliofuatilia watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Walipofika miaka mitano, waliokuwa wamezuiwa kula karanga asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga. Waliozila tangu uchanga walikuwa asilimia 3.2 tu. Sababu inayoelezwa ni hii: chakula kinapopita tumboni mapema, mwili unakizoea. Kinapoingia kwanza kupitia ngozi yenye mipasuko ya pumu, mwili unakiona kama adui. Ndiyo maana mtoto mwenye ngozi ya hivyo asipakwe mafuta ya karanga, ya lozi wala ya ufuta. Vaseline inatosha kabisa.

Mtoto wako ana pumu ndogo ya ngozi, kwa hiyo umri wa karibu miezi sita ndio wakati wake, na unaweza kumwanzisha nyumbani. Ingekuwa pumu kali, ile inayorudi kila mara na kuhitaji krimu za daktari, au kama angewahi kudhurika na yai, ningekuambia umpeleke kwa daktari wa watoto kabla ya kijiko cha kwanza. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina kituo cha magonjwa ya ngozi, na si mbali kutoka Arusha.

Sasa namna ya kufanya. Chagua asubuhi ya siku ambayo mtoto ni mzima kabisa: hana homa, hana mafua, haharishi, hakuchanjwa jana yake. Kituo cha afya cha karibu kiwe wazi. Chukua vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa vya siagi ya karanga laini isiyo na vipande, mimina maji ya moto vijiko viwili au vitatu vya chai, koroga mpaka iwe rojorojo inayodondoka kwenye kijiko, iache ipoe. Usimpe siagi ya karanga nzito ilivyo. Inanata kwenye kaakaa na kooni, mtoto wa umri huu hawezi kuisukuma, anapaliwa.

Mpe kwa ncha ya kijiko kwanza, halafu subiri dakika 10 ukimtazama uso, midomo na kifua. Pakiwa shwari, mpe iliyobaki polepole. Asipoimaliza usimlazimishe. Kaa naye saa mbili baada ya hapo, na asiwe amelala, maana mtoto aliyelala huwezi kuona dalili zake mapema. Usimpake chakula shavuni kwanza "kujaribu". Ngozi ya pumu itawaka hata kwa nyanya, na utatishika bure.

Akishaipokea, hapa ndipo wengi wanaharibu: wanampa mara moja, wanafurahi, wanaiacha miezi mitatu. Kinga hiyo inadumishwa kwa kula. Lengo ni kama gramu 2 za protini ya karanga mara tatu kwa wiki, nazo zinapatikana kwenye vijiko viwili vya chai vya siagi ya karanga, au vijiko viwili na nusu vya chai vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini (kama punje kumi). Koroga ndani ya uji mzito, mtori, au ndizi ya kuponda. Mtori usiwe na chumvi, na ndizi zisipikwe kwa magadi.

Yai ningelitanguliza kabla ya karanga au mara baada yake: lipikwe hadi kiini na ute vigande, liponde na maziwa yako, anza na robo kijiko cha chai. Baada ya hapo acha siku mbili tatu kati ya chakula kimoja cha kundi hili la vyakula vya mzio na kingine. Ulezi, mchele, maboga havihitaji utaratibu wote huu.

Binti_wa_Mbuyuni (Moshi)

Naongezea kuhusu karanga zenyewe, kwa sababu mzio unazungumzwa sana na sumukuvu inasahaulika, wakati huku kwetu ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kiwango kidogo cha kila siku hakiui papo hapo, ila kinachosha ini, na tafiti zinakihusisha na watoto kudumaa. Kukaanga hakuiondoi yote, kuchemsha hakuiondoi. Njia kubwa ya kuipunguza nyumbani ni kuchambua, na karanga ikishasagwa huwezi tena kuchambua. Hapo ndipo kosa la unga wa lishe wa kununuliwa lilipo: punje zilizovunjika na zilizosinyaa, ambazo hakuna mtu angezinunua zikiwa nzima, ndizo zinazosagwa kirahisi.

Nunua punje nzima, nusu kilo tu, zenye ngozi isiyokunjamana. Chambua mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mbichi, kwenye ungo, mchana nje: toa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyochipua, iliyotobolewa na wadudu, iliyovunjika. Kaanga kwa moto mdogo kwenye sufuria nzito ukigeuza bila kuacha, kama dakika 15 hadi 20, mpaka ngozi itoke kwa kusugua na ndani kuwe na rangi ya krimu iliyokolea kidogo. Zikipoa, menya, zipasue mbilimbili, chambua tena. Ngozi inaficha mengi. Punje yenye ukungu wa kijivu au manjano katikati ndiyo unayoitafuta. Unayoitupa usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu inarudi kwenye maziwa.

Saga kwa blenda yako, si mashine ya mtaani iliyotoka kusaga pilipili au mahindi ya jana. Saga sekunde 20, pumzisha, kwangua pembeni, rudia. Itapita hatua tatu: unga, donge kavu, kisha mafuta yataachia na itakuwa laini. Wengi huona lile donge kavu wakaongeza maji. Usiongeze maji, yanaleta ukungu ndani ya siku chache. Endelea kusaga tu, au ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna asali. Asali ni mwiko kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumua.

Chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka kabisa, kwenye friji, mwezi mmoja. Ukinunua ya dukani, soma nyuma: iwe karanga peke yake, au karanga na chumvi kidogo sana, na iwe na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Zile kilo mbili hata watu wazima ningewashauri waangalie. Harufu ya rangi ya mafuta au uchungu mwishoni mwa ulimi ni mafuta ya karanga na korosho yaliyochacha. Hilo linatokea haraka kwenye unga uliochanganywa na mbegu za mafuta, ndiyo maana nafaka isagwe peke yake na karanga ziingie siku ya kupika. Na nafaka moja inatosha. Nafaka tano ni wanga uleule mara tano. Kinachobadilisha uji ni karanga, dagaa waliosagwa, yai na maziwa.

Duka_la_Viungo_Ar

Mimi nijibu la viungo. Mdalasini, iliki na tangawizi mzio wake hautokei mara nyingi kama wa karanga, ila kuna mambo manne ya kuangalia, na uzito wake haulingani.

La kwanza na kubwa ni uchafu wa madini ya risasi. Mwaka 2023 nchini Marekani vifuko vya tufaha la kupondwa vyenye mdalasini viliondolewa sokoni baada ya watoto kukutwa na risasi kwenye damu, na chanzo kilikuwa mdalasini wa unga. Bangladesh nako manjano ilikutwa imetiwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na haionekani wala haina harufu. Kwa hiyo kwa mtoto usinunue kiungo cha unga cha kupimiwa kwenye beseni. Nunua gamba la mdalasini, iliki yenye ganda, tangawizi mbichi, manjano ya mzizi. Saga au paruza nyumbani. Manjano ya unga inayong'aa kupita kiasi iache dukani.

La pili, unga mkavu wa mdalasini usinyunyizwe juu ya chakula mbele ya mtoto. Akivuta pumzi ukaingia mapafuni, unawasha na kumkaba, na hautoki kirahisi. Njia salama ni kutia kipande cha gamba, urefu wa nusu kidole, kwenye lita moja ya maji ya uji, kichemke dakika tano, ukitoe, ndipo utie unga wa nafaka. Ladha inabaki, vumbi halipo. Iliki vilevile: mbili zilizopasuliwa, zikishachemka zitolewe. Tangawizi mbichi, kipande kama ukucha wa kidole gumba, na hiyo ianze miezi minane au tisa, maana inawasha.

La tatu ni mchanganyiko wa viungo. Masala ya chai huwa na pilipili manga na karafuu, na pengine kungumanga. Kungumanga kwa mtoto mdogo achana nayo, kiasi kikubwa kinasumbua mishipa ya fahamu. Masala ya pilau na bizari za pakiti zinaweza kuwa na uwatu na haradali. Uwatu ni jamii ya kunde kama karanga, na mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika nao. Haradali yenyewe ni chanzo cha mzio kinachojulikana. Viungo vya mchuzi vya pakiti vina chumvi nyingi mno, na wakati mwingine ngano. Mtoto akifika mwaka mmoja, chukua mchuzi wenu wa nyumbani wenye binzari nyembamba, giligilani, kitunguu na manjano, mtolee wake kabla ya kutia chumvi na pilipili. Hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumzoesha ladha ya nyumbani.

La nne ni dogo: uwekundu kuzunguka mdomo baada ya mdalasini, nyanya, ndimu au nanasi, usiovimba na unaoondoka ndani ya saa moja hivi, mara nyingi ni mwasho wa ngozi. Mpake vaseline kuzunguka mdomo kabla ya kula na umtazame.

Kwa walioko ukanda wa mlima Meru, maji ya visima na mito mingi huku yana floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuipunguzi, ukiyachemsha sana inazidi kukolea. Magadi nayo mara nyingi yanaibeba. Uji wa mtoto upikwe kwa maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au maji yaliyopimwa, maana meno yake ya ukubwani yanajengwa miaka hii.

MamaNjiro (Arusha)

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Mawili yamebaki. Akidhurika kweli nifanye nini kabla ya kufika hospitali? Nimeambiwa nimpe maziwa au mkaa. Na korosho na ufuta vinafuata lini?

Mlishi_Moshi

Maziwa, mkaa, mafuta ya kula, maji ya ndimu: hakuna hata kimoja. Havizuii mzio, na mtoto anayetapika au anayekosa pumzi atapaliwa navyo.

Dalili nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Akitokwa na mabaka machache yanayowasha au kutapika mara moja, akiwa mchangamfu, simamisha chakula hicho, mfute mdomo na mikono, mpeleke kituoni aonwe, na usimpe tena hadi daktari aseme. Akiwa na lolote kati ya haya, ni dharura: anakohoa mfululizo au kukoroma kifuani, sauti ya kilio imebadilika, ulimi umevimba, anatapika tena na tena, amepauka au kulegea. Hapo dawa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, na kila dakika ina maana. Dawa ya mafua au ya mwasho haichukui nafasi yake. Kwa hiyo kabla ya siku ya karanga, pita kituo cha karibu uulize kama adrenalini ipo. Ni swali la kawaida, muuguzi hatakushangaa.

Njiani mlaze chali mapajani, miguu imeinuka kidogo. Usimsimamishe begani akiwa amelegea, shinikizo la damu linashuka zaidi. Anayehangaika kupumua lakini ana nguvu anaweza kukaa. Tafuta taksi au bajaji, kwenye bodaboda huwezi kumlaza. Akishachomwa sindano na kupata nafuu asirudishwe nyumbani haraka, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Kuna mzio mwingine usiojulikana sana: mtoto anatapika sana saa moja hadi nne baada ya kula, analegea, bila mabaka yoyote. Watu hudhani ni malaria au chakula kilichochacha. Ukiliona hilo, mwambie daktari alikula nini na saa ngapi.

Korosho na ufuta: karanga zikishakaa wiki moja, yaani mara tatu bila tatizo, anza korosho. Korosho si jamii ya karanga, kwa hiyo kuvumilia karanga hakukuhakikishii korosho. Tumia utaratibu uleule: iliyokaangwa bila chumvi, imesagwa mpaka laini, nusu kijiko cha chai ndani ya uji, ncha ya kijiko kwanza. Siku tatu baadaye ufuta, uliokaangwa na kusagwa, robo kijiko cha chai. Usiutie mzima, unapita tumboni ulivyo na haumfaidishi. Soya ichemshwe nusu saa, imenywe maganda, ikaushwe ndipo isagwe, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Mbegu za maboga zije mwisho. Kama wewe unakula kweme (mbegu zenye mafuta) kwa ajili ya maziwa, endelea nayo, mtoto aisubiri hadi vingine vikae.

Vikishapita vyote, uji wake wa nusu kikombe unaweza kuwa hivi: ulezi vijiko viwili vya chakula, siagi ya karanga vijiko viwili vya chai, korosho iliyosagwa nusu kijiko cha chai, maji yaliyochemshwa na gamba la mdalasini. Uwe mzito, usidondoke ukiinamisha kijiko. Ukiwa mwepesi anashiba maji.

Binti_wa_Mbuyuni (Moshi)

Kama kuna wakubwa wake nyumbani: karanga nzima, korosho nzima, bisi na karanga za sukari visimfikie mikononi mpaka atimize miaka mitano. Punje moja inatosha kuziba njia ya hewa, na mara nyingi inatoka kwa kaka au dada mwenye upendo anayemgawia mdogo wake.